Usiombe nakala ya hukumu kwa mdomo

(Mazungumzo ya juma, kama yalivyosomwa redioni)

Mwishoni mwa Julai nilipata mgeni kutoka Kikwe. Kwa wale wasioifahamu, Kikwe ni kata ya Meru, upande wa chini wa barabara kuu ya Moshi na Arusha, tambarare ya mahindi na maharage. Mtu wa huko akisema "naenda mjini" aghalabu ana maana ya Usa River. Akisema "naenda Arusha" basi jua kwamba jambo ni zito. Mgeni wangu alikuwa amekuja Arusha. Ni shangazi yangu, dada wa marehemu baba, na ni mjane wa miaka mitatu sasa.

Alikuwa na bahasha ya kaki iliyokwisha kulegea kwa kukunjwa. Ndani yake mlikuwa na picha ya ndoa, cheti cha kifo cha mumewe, kadi ya kliniki ya mjukuu ambayo sijui ilifikaje humo, na kipande cha karatasi kilichochanwa kutoka daftari la shule. Katika kipande hicho paliandikwa namba mbili. Moja ilikuwa ya RB ya polisi, bila mwaka. Ya pili ilikuwa ya shauri la mirathi, nayo imeandikwa kwa penseli.

"Mwanangu," aliniambia hata kabla ya chai, "wewe uko mjini, unajua kusema na watu. Nisaidie nipate hukumu yangu."

"Ilisomwa lini, shangazi?"

"Ilisomwa Machi. Shemeji yangu ndiye wamempa usimamizi wa mirathi. Mimi nilisema palepale kwamba sikubali. Nikaambiwa ukitaka kukata rufaa uwe kwanza na nakala ya hukumu. Basi nikaisubiri."

"Na barua uliyoombea nakala iko wapi?"

Alinitazama kama mtu aliyeulizwa swali la kitoto. "Barua ya nini, baba? Niliomba kwa mdomo. Karani ananifahamu, tunasali pamoja."

Ndugu msikilizaji, shangazi alikwenda katika mahakama ile, ambayo sitaitaja, mara 9 kati ya Machi na Julai. Mara karani yuko likizo. Mara hukumu inachapwa. Mara mashine ya kuchapia imeharibika. Mara hakimu amehamishwa na jalada linasubiri saini yake. Kila mara aliambiwa kwa lugha nzuri, "Njoo Jumatatu, mama." Naye alikuja Jumatatu, kwa bodaboda mpaka barabarani, akiacha palizi. Safari zote tisa hazikuacha alama hata moja katika karatasi yoyote ya Serikali. Leo akisimama mbele ya hakimu na kusema "nilifuatilia", hana cha kuonyesha isipokuwa uchovu.

Sisemi kwamba makarani ni watu wabaya. Katika mahakama ya mwanzo hakimu huandika kwa mkono wake kila neno la shahidi, naye karani huyo huyo mmoja anapokea kesi mpya, anaita mashahidi, anatunza masjala na anachapa. Mahakama moja huhudumia kata kadhaa. Lakini ubaya au wema wa karani si hoja. Hoja ni kwamba sheria inahesabu siku, na siku zinahesabiwa kwa karatasi.

Sasa hapa pana jambo ambalo natamani kila mwenye ndugu kijijini alisikie, kwa sababu ndipo shangazi alipopotea.

Rufaa kutoka mahakama ya mwanzo kwenda mahakama ya wilaya hukatwa ndani ya siku 30 tangu uamuzi. Ndivyo isemavyo Sheria ya Mahakama za Mahakimu ya mwaka 1984. Inafunguliwa kule mahakama ya wilaya, na ni kazi ya mahakama ya wilaya kuliita jalada kutoka chini. Je, ni lazima mkata rufaa awe na nakala ya hukumu mkononi? Hapana. Mahakama Kuu ilikwisha kulieleza jambo hilo katika uamuzi uliochapwa katika taarifa za sheria za mwaka 2005: kwa rufaa zinazoanzia mahakama ya mwanzo, kuambatanisha nakala ya hukumu si sharti la kisheria. Unaandika sababu zako za rufaa, unalipa ada, unapokelewa, basi.

Maana yake ni kwamba shangazi alikaa miezi minne akisubiri kitu ambacho hakikuwa kinamzuia. Siku zake 30 zilikwisha Aprili, akiwa bado anaambiwa aje Jumatatu.

Nani alimdanganya? Pengine hakuna aliyekusudia kumdanganya. Katika mahakama za juu zaidi nakala inahitajika kweli, na ndiyo maana maneno "uwe kwanza na nakala" yamezoeleka midomoni mwa watu hata pale yasipohusika. Anayekata rufaa ya madai kutoka mahakama ya wilaya kwenda Mahakama Kuu, katika shauri lililoanzia hapo wilayani, anatakiwa kuambatanisha hukumu na tuzo, yaani ile karatasi fupi inayotaja amri zilizotolewa. Huko sheria ina huruma kidogo: muda uliotumika kupata nakala huondolewa katika hesabu. Lakini lazima uthibitishe kwamba uliomba, na lini.

Kwa hiyo utaona, msikilizaji, kwamba barua ina kazi katika hali zote mbili. Pale nakala inapohitajika, barua ndiyo inayosimamisha saa. Pale isipohitajika, usiisubiri nakala. Lakini barua uiandike hata hivyo, kwa sababu ukichelewa kwa sababu nyingine yoyote itakuwa shahidi wako.

Barua yenyewe haihitaji wakili wala Kiingereza. Mahakama ya mwanzo lugha yake ni Kiswahili tangu zamani, na tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2021 Kiswahili ndiyo lugha ya sheria na ya mahakama zote nchini, ingawa Kiingereza bado kinaruhusiwa katika baadhi ya mambo. Nilikaa na shangazi mezani tukaiandika kwa kalamu. Juu, jina lake na anwani ya kijiji. Kisha, "Kwa Hakimu Mfawidhi." Kisha kichwa chenye aina ya shauri, namba yake na mwaka. Kisha majina ya wahusika kama yalivyoandikwa katika kesi, si kama tunavyowaita nyumbani.

Hapo penye majina tulikwama kwa nusu saa. Umeruni majina ya ukoo ni machache na watu ni wengi. Katika daftari moja la mahakama unaweza kukuta akina Pallangyo kumi, akina Mbise kumi na watano, Kaaya na Nnko wasiohesabika. Mtu huyo huyo ana jina la ubatizo, jina la baba na jina analoitwa sokoni. Shangazi alidhani kesi imeandikwa kwa jina lake la ndoa. Kumbe karani aliandika jina la baba yake. Kama ulipewa samansi, usiitupe hata kesi ikiisha, kwa sababu ndiyo yenye majina na namba kama mahakama inavyoyajua. Kama huna, omba kuonyeshwa daftari la mashauri la mwaka ule, kwa tarehe.

Kisha useme unachokitaka. Watu wengi huandika "naomba hukumu" wakaishia hapo. Hukumu ni sehemu tu. Omba hukumu, omba mwenendo wa shauri, yaani maneno yote ya mashahidi na maswali waliyoulizwa, na uombe amri au tuzo. Kama palikuwa na vielelezo, omba nakala za vielelezo. Katika mirathi ongeza jambo moja ambalo wajane wengi hawalijui. Msimamizi aliyeteuliwa na mahakama ya mwanzo anatakiwa, ndani ya miezi minne, kuwasilisha mahakamani orodha ya mali na hesabu yake, zile zinazoitwa Fomu Namba 5 na Fomu Namba 6. Nazo ni sehemu ya jalada. Mjane au mtoto wa marehemu aombe nakala zake. Humo ndimo atakapoona kama shamba limeandikwa, na kama limeandikwa kwa ukubwa wake.

Mwisho wa barua weka tarehe na saini, au dole gumba. Andika nakala mbili. Moja unaiacha. Ya pili unaomba igongwe mhuri wa kupokelewa wenye tarehe, na aliyeipokea aandike jina lake. Ukiambiwa "acha tu hapo mezani", sema kwa adabu kwamba utasubiri mhuri. Subiri hata saa tatu. Ikishindikana kabisa, itume kwa rejista ya posta na utunze stakabadhi.

Kuhusu malipo, ada ya nakala ni ada ya Serikali, na ada ya Serikali siku hizi hulipwa kwa namba ya malipo, benki au kwa simu, na risiti hutoka. Fedha inayotolewa mkononi ili "karatasi zinunuliwe" si ada. Anayedaiwa hivyo anaweza kupiga simu TAKUKURU, namba 113, bila malipo. Najua wengi hawapigi, kwa kuwa wanaogopa jalada lisije likapotea. Hofu hiyo ina sababu zake, nami siwezi kumlaumu mtu wa Kikwe kwa hofu ambayo hata sisi wa mjini tunayo.

Na mtu ambaye hakuwa mdaawa katika kesi? Hukumu husomwa mbele ya watu, si siri. Naye aandike kwa hakimu mfawidhi, aeleze ana maslahi gani, kwa mfano ni mnunuzi wa mali iliyobishaniwa au mtoto wa marehemu aliyekuwa mdaawa. Hukumu za Mahakama Kuu na za Mahakama ya Rufani ni rahisi zaidi: nyingi zinasomwa bure katika intaneti, katika tovuti ya TanzLII. Lakini za mahakama ya mwanzo, ambazo ndizo zinazomgusa mkulima, usizitafute huko. Ziko kabatini kwa karani.

Sasa tuingie upande wa jinai, maana huko mchezo ni mkali zaidi.

Aliyehukumiwa na mahakama ya wilaya na anataka kwenda Mahakama Kuu anatakiwa kutoa taarifa ya nia ya kukata rufaa ndani ya siku 10. Kisha ana siku 45 za kuleta sababu za rufaa, na humo hauhesabiwi muda wa kupata nakala ya mwenendo na hukumu. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ya mwaka 1985 inasema mshitakiwa akiomba nakala ya hukumu apewe bila kuchelewa na bila malipo. Aliye gerezani hupitishia karatasi zake kwa mkuu wa gereza. Ndugu wa mfungwa, kwa hiyo, asiende kwanza kutafuta fedha za nakala. Aende kwanza kuhakikisha ile taarifa ya siku 10 imeandikwa. Siku 10 ni chache; mtu bado hajajua hata gereza alilopelekwa ndugu yake.

Haya si maneno ya vitabuni tu. Mwaka 1998 mtu mmoja alihukumiwa katika mahakama ya wilaya ya Rombo, mkoa wa jirani, kifungo cha miaka 30 kwa unyang'anyi wa kutumia silaha. Rufaa zake zilipokwisha alipeleka shauri katika Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, ambayo makao yake yako hapa hapa Arusha. Serikali ilisema amechelewa. Katika hukumu yake ya Novemba 2015 Mahakama ile ilimpokea, na miongoni mwa sababu za kumvumilia ilitaja kwamba alikuwa mfungwa, maskini, asiye na wakili, na kwamba alicheleweshewa kumbukumbu za mahakama. Mwishoni iliona haki yake ya kusikilizwa kwa haki ilivunjwa. Mlango huo mwananchi wa Tanzania hawezi tena kuugonga moja kwa moja: nchi yetu iliondoa tamko lililoruhusu jambo hilo, na kuondoka huko kulianza kutumika Novemba 2020. Imebaki milango ya nyumbani, na ya nyumbani ina tarehe.

Tukiwa bado Arusha, niongeze jambo ambalo hunikera kidogo. Nje ya mji huu, Lakilaki, pametunzwa kumbukumbu za ile Mahakama ya Kimataifa ya Mauaji ya Kimbari ya Rwanda, iliyofanya kazi hapa AICC mpaka ilipofungwa mwishoni mwa mwaka 2015. Watu 93 walishitakiwa. Karatasi, kanda na picha za kesi zao zimewekwa katika jengo lenye hewa iliyopimwa, na mtu aliye Kigali au Toronto anaweza kusoma mwenendo wa kesi hizo za wazi akiwa kwake. Ni jambo jema, na lifanyike daima. Lakini mtu akitoka hapo akapanda gari mpaka tambarare za Meru, atakutana na mama anayetafuta kurasa kumi na mbili kwa miezi minne.

Nirudi kwenye ile namba ya pili katika kipande cha karatasi, ile ya polisi.

Usiku mmoja wa Mei watu walivunja mlango wa jikoni kwa shangazi na kukata migomba yake. Naye alisukumwa akaumia mkono. Aliripoti kituoni, akapewa namba ya RB na fomu ya matibabu, PF3. RB ni namba ya kitabu cha taarifa. Ni uthibitisho kwamba ulifika na kusema. Hailipiwi. PF3 nayo hailipiwi. Shangazi alipewa RB kwa kuandikiwa tarakimu tu kwenye karatasi yake mwenyewe. Alipokwenda baadaye, askari mwingine wa zamu akamwuliza, "RB ya lini, mama?" naye hakujua.

Namba ya RB iandikwe kamili: herufi za kituo, namba na mwaka. Kisha uulize mambo mawili zaidi kabla hujaondoka kaunta. La kwanza, jina la mpelelezi aliyepewa kazi. La pili, kama jalada la uchunguzi limefunguliwa, namba yake ya IR, kwa maana RB na IR si kitu kimoja. RB inasema ulisema. IR inasema wameanza kuchunguza. Malalamiko mengi hulala kati ya namba hizo mbili, na mwananchi huishi akidhani kesi yake inaendelea kwa kuwa ana namba.

Ukiandika maelezo polisi, usomewe kabla ya kutia saini. Na ile PF3, ukishajaziwa na daktari, ipige fotokopi kabla hujairudisha kituoni. Shangazi hakupiga. Ilirudishwa, na tangu hapo haijulikani iko kwenye jalada gani. Bahati nzuri hospitali nayo huwa na kumbukumbu zake za mgonjwa, na hizo ndizo tunazozifuatilia sasa.

Je, unaweza kuomba jalada lenyewe la polisi? Hapa niseme ukweli ili nisimpe mtu safari ya bure. Uchunguzi ukiwa unaendelea, hutapewa, na kuna sababu: mtuhumiwa naye angelitaka. Unachoweza kuomba ni kujulishwa hatua. Andika kwa Mkuu wa Upelelezi wa Wilaya, nakala kwa Mkuu wa Polisi wa Wilaya, utaje RB na IR, uulize jalada liko polisi au limepelekwa kwa mwendesha mashitaka. Swali hilo lina maana, kwa sababu uamuzi wa kushitaki siku hizi si wa polisi, uko chini ya Mkurugenzi wa Mashtaka. Mtu anaweza kushinda kituoni mwaka mzima akilalamikia askari, kumbe jalada lake lilikwisha toka hapo.

Aliyeshitakiwa ana haki zaidi ya mlalamikaji katika jambo hili, na wengi hushangaa. Kesi ikifika mahakamani, ile Sheria ya mwaka 1985 inamtaka hakimu ahakikishe mshitakiwa anapatiwa nakala ya taarifa na maelezo ya aliyeripoti, endapo huyo ametajwa kuwa shahidi. Mshitakiwa asiye na wakili aombe nakala hiyo siku ya kwanza, kwa sauti, ili hakimu aandike kwamba ameomba.

Ipo pia Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa, Namba 6 ya mwaka 2016, ambayo mjini inatajwa sana katika semina. Inampa raia haki ya kuomba taarifa katika ofisi za umma, na ofisi inatakiwa kujibu ndani ya siku 30. Asiyejua kuandika afisa amsaidie. Ukinyimwa unaomba mkuu wa taasisi apitie upya, na usiporidhika unakwenda kwa Waziri. Ni sheria nzuri kwa mihtasari ya kijiji, mapato na matumizi ya kata, mikataba ya halmashauri. Kwa jalada la jinai haikufikishi mbali: taarifa zinazoweza kuvuruga uchunguzi au kuingilia faragha ya mtu zimezuiwa humo humo, na afisa anayetoa taarifa iliyozuiwa anaweza kufungwa. Ndiyo maana ukiitaja sheria hiyo mbele ya kaunta ya polisi askari huwa mpole ghafla na kusema bosi hayupo. Hajakudharau. Anaogopa.

Wazee wa Meru, kwa kweli, walikwisha kujua nguvu ya karatasi kabla yetu. Mwaka 1951 Serikali ya kikoloni iliwafukuza watu Engare Nanyuki ili ardhi yao wapewe wafugaji wa Kizungu. Mwaka 1952 Kirilo Japhet alisimama New York mbele ya Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa, akiwa na wakili Earle Seaton. Alikwenda na malalamiko yaliyoandikwa na kuwekwa katika kumbukumbu za Baraza lile, na ndiyo sababu leo tunaweza kujua neno kwa neno Wameru walisema nini na wakubwa walijibu nini. Siku zile hawakurudishiwa ardhi. Lakini hakuna aliyeweza kusema hawakulalamika.

Basi shangazi tulimfanyia nini?

Siku zake 30 zimepita, lakini mahakama ya wilaya ina uwezo wa kumwongezea muda, hata baada ya muda kwisha. Anaandika maombi, anaambatanisha sababu anazotaka kupeleka katika rufaa, na anaeleza chini ya kiapo kwa nini alichelewa. Mahakama ya Rufani imesema mara nyingi kwamba kila siku ya kuchelewa itolewe maelezo, hata kama ni siku moja. Siku zake zimepindukia 90. Tulikaa na msaidizi wa kisheria, mmoja wa wale wanaotambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017, ambaye hakudai hata senti, tukaanza kuzipanga siku: hii alikwenda mahakamani, hii alikuwa hospitali na mkono, hii palikuwa na msiba. Safari tisa, na kumbukumbu yake ni nzuri, anakumbuka hata alivaa nini. Msaidizi yule aliandika yote. Kisha akauliza, "Mama, kuna chochote kinachoonyesha ulikuwa pale?"

Shangazi alifikiri sana. Akasema kuna siku moja karani alimwandikia kwenye kiganja cha mkono tarehe ya kurudi, kwa kalamu ya wino.

Safari hii barua imegongwa mhuri. Nakala ya pili ameiweka ndani ya mfuko wa plastiki, mfuko ndani ya ile bahasha ya kaki, na bahasha chini ya godoro. Siku ya nne baada ya mhuri huo, karani wake alimpigia simu mwenyewe kwamba nakala ya hukumu iko tayari, kurasa 12. Sikuuliza mashine ilitengenezwa lini.

Maombi ya kuongezewa muda yamepokelewa mahakama ya wilaya na yamepangiwa tarehe. Tumeandika pia kuomba Fomu Namba 5 na Namba 6, maana miezi minne ya msimamizi nayo imekwisha, na mpaka leo asubuhi hatujajua kama amezijaza. Tunachojua ni kile anachokiona shangazi kutoka mlangoni kwake. Shemeji amekwisha leta watu na kamba ya kupimia mara mbili, na upande wa chini wa shamba, karibu na mfereji, wamechomeka vijiti.